Darasa la jioni, alfajiri peke yako, au kikundi cha Jumamosi? Kusomea CPA Nairobi ukiwa bado kazini

Matokeo ya KASNEB, bodi ya mitihani ya uhasibu hapa Kenya, yakitoka, haziishi siku tatu kabla sijapata ujumbe wa namna moja kutoka kwa vijana niliowahi kufanya kazi nao. "Mkubwa, nimeanguka tena. Moyo umekufa kabisa. Unanishauri vipi?" Zamani nilikuwa nikiwaandikia maneno ya kutia moyo. Siku hizi nawauliza swali moja tu: Jumatano moja, wiki tatu kabla ya mtihani, ulisomea wapi na saa ngapi? Jibu huchelewa. Jumatano hiyo kulikuwa na bosi aliyetaka ripoti, au mvua iliyofunga Barabara ya Jogoo, au mtoto aliyeamka na homa. Ari walikuwa nayo, maana karo walijilipia wenyewe. Mpango wao ndio haukuwa na nafasi ya Jumatano kama hiyo.

Ulinganisho huu ni wa mtu mwenye kazi, pengine na familia, anayesomea CPA, cheti cha mhasibu mtaalamu, hapa Nairobi na amekwama kati ya njia tatu: darasa la jioni mjini, kusoma peke yake alfajiri, au kikundi cha wikendi. Ya nne, video za mtandaoni, nitaigusa tu, kwa sababu naona kwa watu wengi hiyo ni mboga, ugali uko kwingine. Wanaosomea ACCA, cheti cha uhasibu cha Uingereza, au CFA, cheti cha wachambuzi wa uwekezaji, watakuta mengi yanawahusu, na pale hesabu zao zinapotofautiana nitasema. Mimi nimepitia njia zote tatu na mbili kati yazo zimewahi kuniangusha, kwa hiyo usinitarajie niwe hakimu asiye na makovu.

Maswali ya kuiuliza kila njia

La kwanza ni siku mbaya. Njia yoyote hupendeza Jumatatu ya wiki ya kwanza, daftari likiwa jipya na kalamu zikiwa tatu. Ninachotaka kujua ni kinachotokea siku umetoka kazini saa moja usiku, kichwa kinakugonga, na ukifika nyumbani stima imepotea. Siku hiyo njia yako huvunjika, hupinda, au hukubeba?

La pili ni saa halisi, si zile za kwenye ratiba. CFA Institute huwashauri watahiniwa wake watenge kama saa 300 kwa kila daraja. Karatasi za KASNEB zimekatwakatwa zaidi, ila ni nyingi: katika mtaala ulioanza mwaka 2021, ngazi ya msingi ina karatasi sita na ya kati sita, kabla hujaigusa ya juu, na kila moja inataka alama 50 kwa mia. Tuchukue hizo saa 300 kama kipimo chetu. Ukizigawa kwa wiki 26 unapata karibu saa kumi na moja na nusu kwa wiki. Ishike namba hiyo, nitairudia.

La tatu ni mkono. Saa ya kusikiliza na saa ya kuandika jibu hazina uzito mmoja. Mwaka 2006 watafiti wawili wa Marekani, Roediger na Karpicke, waliwalinganisha wanafunzi waliosoma kifungu na kukirudia, na wengine waliokisoma kisha wakajaribu kukiandika bila kukitazama. Walipopimwa baada ya dakika tano, waliorudia kusoma ndio waliokuwa mbele. Walipopimwa baada ya wiki moja, walikuwa nyuma. Wewe mtihani wako hauko dakika tano mbele. Kwa hiyo iulize kila njia: kwa wiki, mara ngapi inanishikisha kalamu?

Mengine matatu ni mepesi kuyasema: ukipotea nani atauliza uko wapi, pesa, na humo uhesabu nauli na chai, na nyumbani, yaani nani hasa anayelipa kwa muda unaoutumia. Hili la mwisho hatulisemi sana, lakini nimeona watu wakiacha CPA si kwa sababu ya ugumu wa kodi, bali kwa sababu ya ukimya wa mezani.

Kalenda ya kazi kabla ya yote

KASNEB hufanya mitihani yake Aprili, Agosti na Desemba. Kwa mtu aliye kazini, miezi hiyo mitatu haifanani hata kidogo.

Ukifanya kazi katika kampuni ya ukaguzi wa hesabu, Januari hadi Machi ni vita. Kampuni nyingi hufunga mwaka Desemba, na benki zinatakiwa ziwe zimetangaza hesabu zilizokaguliwa kabla ya Machi kwisha. Kijana wa ukaguzi anayesajili karatasi nne za Aprili anajitafutia aibu. Serikalini na katika kaunti mwaka wa fedha huisha tarehe 30 Juni, kwa hiyo Julai nzima ni mafaili, na Agosti inakukuta bado unapumua kwa shida. Aliye dukani au kwenye kampuni ya bidhaa ana Desemba yake, ambapo likizo ni neno la watu wengine.

Halafu kila mwezi una miiba yake miwili. PAYE, kodi inayokatwa kwenye mishahara, hulipwa kufikia tarehe 9, na VAT, kodi ya ongezeko la thamani, kufikia tarehe 20. Anayejipangia saa zilezile kila wiki atashindwa na mpango wake mara mbili kwa mwezi, na kushindwa huko ndiko kunakomla mtu moyo polepole. Mimi niliacha kujidanganya. Wiki yenye tarehe 20 nilijiandikia nusu ya saa za kawaida, nikazilipa wiki inayofuata. Nikitimiza nusu nilikuwa nimetimiza mpango, sikuwa na deni na mtu.

Darasa la jioni mjini

Jiji hili lina mizizi mirefu katika jambo hili. Strathmore imefundisha uhasibu tangu 1966, na KCA University ilianza 1989 ikiwa chuo cha uhasibu. Leo ukipita katikati ya mji, ghorofa nyingi zina chuo fulani juu ya duka la simu. Ratiba ya kawaida ni saa kumi na moja na nusu jioni hadi saa mbili na nusu usiku.

Nguvu yake kubwa ni kwamba hukubeba. Siku mbaya ukifanikiwa tu kuufikisha mwili pale kitini, kitu kitaingia. Hakuna uamuzi wa kufanya: mwalimu ameshaamua leo ni nini. Na karo uliyolipa inakusukuma mgongoni. Nilikuwa na mwalimu wa kodi ambaye akiona umesinzia hakukuaibisha, alikuuliza tu ungempa mteja huyu ushauri gani, kama aliyekuamsha kutoka ofisini kwako. Usingizi uliisha wenyewe. Mwalimu wa namna hiyo ana thamani kuliko jengo.

Lakini kuna siku mbaya ya aina nyingine, ile ambayo mwili haufiki. Bosi anakushika saa kumi na moja kamili na "kitu kidogo cha dakika kumi". Nilikosa wiki nzima kwa sababu ya kuhesabu mali ghalani, na wiki hiyo darasa likawa limeingia kwenye kuunganisha hesabu za kampuni mama na kampuni tanzu. Niliporudi walikuwa wanajadili fungu la wanahisa wachache, na mimi sikujua hao wachache ni akina nani na wamemkosea nani. Darasa halikusubiri. Hapo ndipo njia hii huvunjika, na ikivunjika huvunjika vibaya, maana kila kipindi kimepanda juu ya mgongo wa kingine.

Saa zake kwenye karatasi ni kumi na tano kwa wiki, zaidi ya zile kumi na moja na nusu zetu. Punguza kuchelewa kwako, kuchelewa kwa mwalimu, na mapumziko ya chai yanayorefuka. Kisha uliza swali la mkono, na hapa darasa hupata alama ndogo kuliko linavyodhani. Saa nyingi ni za kusikiliza. Ubaya ni kwamba ukitoka pale saa mbili na nusu unahisi umesoma, na hisia hiyo inakuzuia usifungue kitabu hadi kesho jioni. Nilikaa muhula mzima hivyo. Nilikuwa mwanafunzi hodari wa kuhudhuria.

Ukipotea, wenzako wawili watauliza, chuo hakitauliza. Pesa ndiyo nzito kuliko njia zote: karo, nauli ya saa za msongamano, nauli ya mvua ambayo makanga huipanga akitazama mawingu, na chapati madondo za njiani kwa sababu huwezi kukaa hadi saa tatu na njaa. Usalama nao ni gharama. Kutoka darasani hadi steji usiku kupitia upande wa chini wa mji si jambo la kila mtu, na wanawake niliosoma nao walikuwa wakitembea wanne wanne hadi kwenye matatu. Kabla ya kulipa karo, tembea njia hiyo saa tatu kasoro usiku, uone. Nyumbani, ukiwa na watoto wadogo, jua utawaona wamelala usiku tano kwa juma.

Inamfaa anayeanza ngazi ya msingi bila kujua debiti na krediti zinakaa upande gani, anayefanya kazi mjini, Upper Hill au Westlands na hutoka kwa wakati, na yule anayejijua kwamba nyumbani hasomi. Kujijua huko si udhaifu.

Alfajiri peke yako

Hesabu yake ni hii. Saa kumi na nusu hadi saa kumi na mbili, siku tano, ni saa saba na nusu. Ongeza saa nne za Jumamosi asubuhi. Jumla ni kumi na moja na nusu, namba yetu kamili, bila kuupanda mlima wowote wa jioni.

Uzuri wa saa hiyo ni kwamba hakuna anayekutaka. Bosi amelala, watoto wamelala, kikundi cha familia kimelala. Nilipohamia Donholm nilijifunza sauti za alfajiri kama mtu anayejifunza lugha: adhana ikiitikiana na nyingine kwa mbali, geti la jirani anayewahi soko, matatu ya kwanza ikipiga honi kana kwamba kuna foleni. Mwezi wa Julai baridi ya saa kumi inaingia hadi kwenye mfupa, nami nilikuwa nasoma nimejifunga blanketi kama mlinzi.

Siku mbaya huifikia njia hii kwa mlango wa nyuma. Saa yenyewe haiguswi na bosi, ila usiku uliotangulia unaguswa. Ukilala saa sita, kengele ya saa kumi na nusu ni adui. Lakini njia hii hupinda bila kuvunjika: ukiamka saa kumi na moja na robo bado una dakika arubaini na tano, na dakika arubaini na tano za kichwa kilichopumzika zinatosha kumaliza swali moja la alama ishirini kwa kuandika. Kuna vikwazo vidogo vya Nairobi ambavyo hakuna mwongozo unaovitaja. Tokeni za stima huisha saa kumi na dakika hamsini, kwa hiyo zinunue Jumapili. Na kama mtaa wenu hupata maji ya mfereji kwa zamu, kuna siku mfereji utafunguka alfajiri hiyohiyo na utajaza mitungi badala ya daftari. Siku ya maji iandike kwenye ratiba kama tarehe 20.

Kwenye swali la mkono njia hii inaongoza, kwa sababu hakuna anayezungumza. Ni wewe, kikokotoo na karatasi za mitihani iliyopita. Ila hakuna wa kukusahihisha. Mwezi mzima nilikokotoa kodi iliyoahirishwa kichwa chini miguu juu, kwa bidii, kwa mwandiko mzuri, hadi rafiki mmoja alipotazama daftari langu na kucheka. Bidii ya peke yako inaweza kukomaza kosa.

Kovu lake jingine ni upweke. Ukikosa siku tatu hakuna anayejua. Ukikosa wiki mbili bado hakuna anayejua, na wiki ya tatu hata wewe umeanza kusahau kwamba ulikuwa unasoma. Kwa hili nilipata dawa mbili. Ya kwanza: usiku, kabla ya kulala, swali liwe mezani limefunguliwa, kalamu juu yake. Asubuhi nisiamue lolote. Nikishakoroga chai, naandika mstari wa kwanza wa jibu. Mwanasaikolojia Peter Gollwitzer aliandika mwaka 1999 juu ya mipango ya aina hii, ile ya "jambo fulani likitokea, nitafanya hiki", na jinsi inavyomsaidia mtu kutekeleza alichokusudia. Mimi nilijua tu kwamba chai ikishakorogwa, mkono unakwenda wenyewe. Ya pili: kila nilipomaliza nilimtumia picha ya ukurasa rafiki mmoja wa Kahawa West, naye akinitumia wake. Hatukuandikiana neno. Ikifika saa moja asubuhi na hakuna picha, mtu anapigiwa simu.

Pesa hapa ni kidogo: vitabu, tokeni, majani chai. Bei yake hulipwa na mwenzako wa nyumbani. Mke wangu alilalamika kwamba ameolewa na jogoo: naamka kabla ya watu, na ikifika saa tatu usiku nimelala kitini taarifa ya habari haijaisha. Tulikubaliana Ijumaa jioni na Jumapili nzima si za CPA. Makubaliano hayo yalinisaidia kuliko kitabu chochote cha marejeo, maana mtu aliyeambiwa mwisho wa jambo uko wapi huvumilia.

Inamfaa mwenye msingi wa uhasibu tayari, anayerudia karatasi, mzazi wa watoto wanaolala hadi saa kumi na mbili, na mkaguzi ambaye jioni zake si zake. Haimfai mama mwenye mtoto anayenyonya, ambaye alfajiri yake ina mwenyewe. Na anayekaa Rongai au Kitengela, ambaye saa kumi na moja na robo lazima awe steji, asome alfajiri ya ofisini: awahi mji kabla ya msongamano, afike saa kumi na mbili, na awe na saa moja na nusu mezani kabla wenzake hawajafika. Mlinzi wa jengo atakuzoea wiki ya pili. Nawajua watu waliomaliza ngazi ya kati hivyo.

Kikundi cha Jumamosi

Sisi Wakenya tunajua kuendesha chama, na kikundi cha kusoma ni chama ambacho mnachangia vichwa. Kinachofanya chama kisife ni yaleyale: watu wachache, tarehe isiyohamahama, na faini. Chetu kilikuwa na watu wanne. Asiyefika bila kutoa taarifa alilipa shilingi mia mbili, na pesa hizo zililipia chai ya waliofika. Hujawahi kuona mhasibu akifika saa mbili kamili asubuhi hadi umtishie mia mbili.

Mzunguko ulikuwa hivi: kila juma mmoja anafundisha mada kwa dakika arubaini, wengine wanauliza. Kisha swali moja la mtihani uliopita, saa ikitazamwa, halafu tunabadilishana madaftari na kusahihishana. Kufundisha ndiko kulikonifunza uhasibu wa gharama. Ukisimama mbele ya watu watatu wanaokujua, huwezi kupita juu ya usichokielewa ukitumaini hakitaulizwa.

Siku mbaya za katikati ya wiki haziigusi njia hii kabisa. Balaa lake ni wikendi za Nairobi zenyewe: harusi, mchango wa mazishi, safari ya ushago, mkutano wa kile chama kingine, mwana wa dada anabatizwa. Na Jumamosi moja ikipotea, wiki imepotea. Saa zake pia ni chache. Mkikaa nne, toa salamu na mjadala wa siasa, zimebaki mbili na nusu. Peke yake kikundi hakifikii hata robo ya namba yetu.

Lakini kwa swali la nani atakuuliza uko wapi, hakuna kinachokishinda. Nilipofiwa na baba, nilikuwa nimeamua kimoyomoyo kuahirisha mtihani, na pengine kuacha CPA kabisa. Watatu wale walikuja matanga, hawakutaja masomo. Wiki tatu baadaye mmoja akaandika tu: "Jumamosi zamu yako, bajeti na tofauti zake." Nilikwenda.

Pesa ni nauli na chai. Nyumbani inakugharimu asubuhi moja. Mahali ni tatizo kidogo. Maktaba ya McMillan pale Banda Street, iliyofunguliwa 1931, na matawi yake ya Kaloleni na Makadara, ni pazuri kwa kusoma kimya, lakini kikundi kinachobishana juu ya uchakavu wa mitambo kitatolewa nje. Ukumbi wa kanisa uliolala Jumamosi asubuhi, au chumba cha mikutano cha ofisi kwa ruhusa, hufaa zaidi. Sebuleni kwa mmoja wenu hufaa hadi watoto wake waamke.

Vikundi hufa kwa njia mbili nilizoshuhudia. Mmoja anapita, wengine wanaanguka, na anayepita haoni tena sababu ya kuja. Au kikundi cha WhatsApp kinageuka kuwa cha vichekesho, na mtu anahesabu kuwemo humo kuwa ndiko kusoma. Kwa la kwanza, semeni mapema kwamba kikundi ni cha mtihani mmoja, kisha mtaamua upya. Kwa la pili, sina dawa.

Kinamfaa anayejua kusoma peke yake lakini hukata tamaa kimyakimya, na yeyote aliyerudia karatasi mara mbili akiwa haelewi anakosea wapi.

Video, kwa ufupi

Ni rahisi, unairudia, na mwalimu hakuchoki. Kwa mada moja iliyokukataa ni msaada mkubwa. Kama njia nzima, siku mbaya huipepeta kama karatasi: unaibonyeza kitandani, unaongeza kasi, unaamka imefika mwisho. Mkono haufanyi kitu. Na wanaosema watatazama ndani ya matatu, nawaomba wasikae dirishani. Simu hunyakuliwa kwenye msongamano, na mtaala mzima ukaenda nayo. Sikiliza tu, simu mfukoni.

Wa ACCA na CFA

ACCA ina karatasi 13 na misimu minne, Machi, Juni, Septemba na Desemba, na unaweza kufanya moja moja. Kwa mwenye maisha yenye mawimbi hiyo ni neema: msimu wa kazi nyingi sajili moja, uliotulia sajili mbili. CFA ni mnyama mwingine. Daraja la kwanza hufanywa Februari, Mei, Agosti na Novemba, maswali 180 ya kuchagua, vipindi viwili vya saa mbili na robo, na huruhusiwi kulijaribu zaidi ya mara mbili kwa mwaka wala zaidi ya sita maishani. Julai 2021 waliopita daraja hilo walikuwa asilimia 22. Ukianguka huko usijihukumu peke yako, ila usiingie ukidhani video zitatosha. Mtihani wa kuchagua jibu hupenda mazoezi ya kila siku, kwa hiyo alfajiri inaufaa kuliko darasa, na kikundi kiwe cha kupimana. Na ada ziko kwa dola. Wanaokumbuka mwanzo wa 2024, dola ikiwa karibu shilingi 160 kabla ya kushuka kuelekea 130 katikati ya mwaka, wanajua kulipa mapema au kuchelewa kunaweza kuwa tofauti ya kodi ya nyumba.

Kulingana na hali yako

Kama unaanza kabisa na hujawahi kusoma uhasibu, lipa darasa kwa ngazi ya msingi, lakini lilinde na saa mbili za kalamu Jumamosi. Bila hizo utakuwa mhudhuriaji kama mimi. Baada ya ngazi hiyo fikiria upya, maana unayelipa karo ya ngazi ya kati huenda unajua kusoma peke yako kuliko unavyojisifu.

Kama uko kwenye ukaguzi, kimbia Aprili. Soma alfajiri kuanzia Mei, ukalie Agosti, na Januari hadi Machi shika kikundi tu ili usipotee.

Kama una mtoto mchanga, au unamuuguza mtu nyumbani, usichague njia yoyote ya kila siku. Chukua karatasi moja na kikundi cha Jumamosi, mtu wa nyumbani akubali kushika mtoto saa hizo za kikundi, basi. Hiyo pia ni kusoma.

Kama unakaa mbali, hesabu nauli na saa za barabarani kabla ya kuhesabu karo. Mara nyingi hesabu hiyo peke yake hukuchagulia alfajiri ya ofisini.

Kama uko kati ya kazi na kazi, unaweza kushangaa kwamba nakupeleka darasani, la mchana ikiwezekana. Siku isiyo na saa humeza vitabu. Unahitaji mahali pa kwenda ukiwa umevaa viatu.

Na kama umeanguka majuzi na moyo ndio huo uliokufa, usibadilishe njia wiki hii. Tafuta karatasi ileile iliyokuangusha. Jumamosi, saa tatu asubuhi, simu ikae kwenye chumba kingine, ujifungie kwa muda wa saa tatu kama mtihanini, bila kitabu. Kisha mpe daftari mtu aliyepita karatasi hiyo alitazame kwa kalamu nyekundu. Akikwambia ulikosea kwa kutojua, tafuta mwalimu au kikundi. Akikwambia ulijua ila hukumaliza, tega kengele saa kumi na nusu.